Kila Sikio na Besi Yake

Njia ya sikio la mtu mzima, kutoka tundu la nje hadi kwenye kiwambo, ina urefu wa takriban sentimita 2.5. Ni kimrija kifupi kilichopinda kidogo, mdomo wazi upande mmoja na kiwambo upande wa pili, na kwa umbile hilo huzipendelea sauti fulani. Zile zenye masafa ya karibu hezi 3,000 zikiingia humo hupata nguvu kuliko zilivyokuwa nje. Mtu hajui kwamba anapewa nyongeza hiyo, kwa kuwa amezaliwa nayo. Sauti ya mama yake, adhana, honi ya daladala, vyote vimemfikia tangu utotoni vikiwa vimekwisha kupita mikononi mwa mrija huo.

Kisikizi cha kuchomeka sikioni huuziba. Mdomo uliokuwa wazi unafungwa, nafasi iliyobaki inafupika, na ile nyongeza ya asili inahamia kwenye masafa ya juu zaidi. Mtengenezaji analazimika kuirudisha kwa ufundi: anaipandisha sauti ya kisikizi pale pale ambapo sikio lililo wazi lingeipandisha. Lakini aipandishe kiasi gani, na wapi hasa? Sikio la mnunuzi hana. Alilonalo ni sikio bandia la maabara, lililoundwa kwa wastani wa masikio ya watu wengi, na juu ya wastani huo anajenga bidhaa itakayouzwa Tokyo, Berlin na Kariakoo.

Hapo ndipo tofauti za ladha zinapoanzia, kabla mtu hajasema anapenda muziki gani. Watu wawili wakibadilishana visikizi vile vile, wakasikiliza wimbo ule ule, mmoja akasema vinachoma na mwenzake akasema vimetulia, huenda wote wawili wanasema kweli. Kilichofika kwenye viwambo vyao si kitu kimoja. Anayebezwa kuwa hajui muziki kwa sababu hakupenda kisikizi kinachosifiwa na kila mtu anaonewa, na uonevu huo umewafanya wengi waishi na sauti wasiyoipenda wakidhani kasoro ni yao.

Visikizi vya leo vina asili mbili, na zote bado zinasikika. Ya kwanza ni kliniki. Mead Killion, mhandisi Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Knowles, kampuni inayotengeneza spika ndogo mno za kuwekwa ndani ya vifaa vya kusaidia kusikia, alianzisha Etymotic Research katika jimbo la Illinois mwaka 1983. Kampuni hiyo ilitengeneza visikizi vya kupimia usikivu wa wagonjwa, na mwaka 1991 ikatoa kisikizi cha ER-4 kwa wapenda muziki. Kilikuwa chembamba, kikizama ndani ya sikio na kuzuia takriban desibeli 35 za kelele za nje. Lengo lake lilikuwa usahihi: sikio lipate kile ambacho lingekipata ukumbini, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Mpaka leo kuna wanaokiona kuwa ndicho kipimo cha ukweli, na kuna wanaokivua baada ya dakika mbili wakiuliza besi imekwenda wapi.

Asili ya pili ni jukwaa. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen visikizi vilivyochongwa kwa umbo la masikio yake, kwa kuwa spika za jukwaani zilikuwa zinamwumiza kwa ukubwa wa sauti. Kazi hiyo ikazaa kampuni ya Ultimate Ears. Mpiga ngoma hahitaji ukweli wa maabara. Anahitaji kuisikia ngoma yake kubwa na gitaa la besi katikati ya makelele, ashike mdundo. Visikizi vya jukwaani vilitengenezwa kumtumikia mtu mmoja katika kazi moja, na hiyo ni hoja nzito kwa kila mnunuzi: kabla ya kuuliza kisikizi gani ni bora, kuna kuuliza ni bora kwa kazi gani, na kwa sikio la nani.

Swali la ladha limewahi kupelekwa maabara. Mwaka 2018 Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walichapisha matokeo ya jaribio la watu 130, waliosikilizishwa sauti za hedifoni kubwa za aina 31 bila kujua ipi ni ipi. Asilimia 64 walipenda sauti iliyokaribia ile ambayo watafiti hao walikwisha kuiweka kama lengo: besi iliyopandishwa kwa kiasi, na sauti za kati zilizo wazi. Asilimia 15 walitaka besi zaidi ya hapo. Asilimia 21 walitaka pungufu, na katika kundi hili wanawake na watu waliopita miaka 50 walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa.

Takwimu hizo zina mafunzo mawili, na moja husahaulika. La kwanza ni kwamba ladha za watu hazijatawanyika ovyo. Walio wengi wanakaribiana, kwa hiyo anayenunua bila kujaribu, akachagua kisikizi kinachofuata lengo hilo, ana nafasi nzuri ya kuridhika. La pili ni kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu hayumo humo. Besi ni kama chumvi kwenye mchuzi: kipo kiasi ambacho mezani wengi watakikubali, lakini anayetaka zaidi au pungufu hajakosea chakula. Mtu wa asilimia 15 akipewa kisikizi cha walio wengi, ataambiwa ni kizuri, na atabaki na njaa.

Bei haimwokoi. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alipima jinsi hedifoni 283, zikiwemo za kuchomeka masikioni, zinavyogawa nguvu kati ya besi, sauti za kati na za juu, kisha akalinganisha na bei zake madukani. Hakuona uhusiano wowote. Pesa hununua vitu vingine vya kweli: kasha gumu, waya usiokatika, betri inayodumu, mitambo ya kuzima kelele. Lakini mlingano wa sauti, ambao ndio sikio hulalamikia kwanza, haupandi pamoja na bei. Mwanafunzi wa Dodoma mwenye visikizi vya bei ya chini vinavyolingana na masikio yake anaweza kuwa anasikiliza muziki kwa raha kuliko bosi mwenye vya bei ya simu nzima.

Jicho nalo ni shahidi mbaya. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu spika zile zile wazipime mara mbili, mara wakiziona na mara zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Walipoziona, ukubwa na sifa za spika viliingia kwenye hukumu ya masikio, hata tofauti ambazo walizisikia vizuri kupitia pazia zikafifia. Anayetaka kujua ladha yake na amwombe rafiki amchomeke visikizi akiwa amefumba macho, asiambiwe jina wala bei mpaka amalize kusema anachosikia.

Ajaribu kwa muziki gani? Kwa ule anaoujua kwa moyo. Nyimbo za majaribio zinazotajwa na wachambuzi wa Ulaya na Marekani zinawafaa wao kwa sababu wamezizoea. Msikilizaji wa Tanga, Mombasa au Bujumbura ana hazina yake, na hazina hiyo inapima mambo ambayo nyimbo nyingine haziyagusi.

Chukua taarabu ya Unguja ya vikundi vya kale, mathalani Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, au Culture Musical Club. Fidla kadhaa zinapiga pamoja, na kuna udi, ganuni, akodiani, besi ya kusimama na dumbak. Uzi wa ganuni ukidonolewa, sauti huanza kwa ncha kali kisha hufifia upesi. Kisikizi chenye besi iliyovimba huifunika ncha hiyo, na ganuni ikasikika kama imefunikwa khanga. Kisikizi kilichopandishwa mno kati ya hezi 3,000 na 5,000 huzifanya fidla zikwaruze. Halafu kuna maneno. Taarabu ni ushairi, na msikilizaji wake anataka kila silabi, apate fumbo na mlengwa wake. Nguvu kubwa ya s iko juu ya hezi 4,000 hivi: ikipungua, maneno yanakuwa mazito na kumezwa, ikizidi, kila s inachoma kama sindano, na baada ya nyimbo tatu mtu anavua visikizi bila kujua kilichomchosha.

Rumba ya Kongo inauliza jambo jingine. Kwenye sebene, gitaa la solo, la mi-solo na la ridhimu hupishana na kupokezana, na besi inatembea chini yake. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutoa sauti ya hezi 41 hivi. Kisikizi kinachoshuka hadi hapo bila kutetereka humwonyesha msikilizaji kila noti na mahali inapokwenda. Kile kilichotuna kati ya hezi 100 na 250 humpa uzito wa jumla tu, mvumo usio na umbo, na tena humezea ndani yake sauti ya mwimbaji wa kiume, kwa maana sauti hiyo inaanzia huko huko. Wengi wanaosema hawapendi besi nyingi wameichoka besi ya namna hii. Wakipewa besi iliyoshuka chini na kuziacha sauti za kati zipumue, hushangaa kuona kumbe wanaipenda.

Singeli ya Manzese na Tandale, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika, haina subira na kisikizi kizembe. Pigo moja likichelewa kuisha, linamkuta jirani yake, na ngoma zote zinageuka tope. Na aliyehifadhi rekodi za mwimbaji Siti binti Saad, zile zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, ana shida iliyo kinyume kabisa. Katika santuri za zama zile, sehemu kubwa ya kinachosikika kwenye masafa ya juu kabisa ni mkwaruzo wa sindano. Kisikizi kinachong'arisha sauti za juu, kinachosifiwa kwa "undani", humletea mkwaruzo mbele na kumwacha Siti nyuma. Huyu anahitaji kilicholainishwa juu, na hana haja ya kumwomba mtu radhi.

Kabla ya yote hayo lakini kuna kimpira.

Kwenye kasha la visikizi huwa kuna vimpira vya silikoni vya saizi tatu, na watu wengi hawajawahi kuvifungua vya saizi mbili. Vilivyotangulia kuchomekwa ndivyo vinavyotumika mpaka vichakae. Kimpira kikiwa kidogo, hewa inapenya pembeni, na besi ndiyo ya kwanza kutoroka, kwa sababu mawimbi yake yanahitaji chumba kilichofungwa ili yaisukume hewa ya mle ndani. Kisikizi kilichoundwa kwa besi tele kinasikika chembamba na kikali, na mwenyewe anakilaani. Kikiwa kikubwa, kinabana, na baada ya nusu saa sikio linauma. Jaribio lake ni jepesi: vuta sehemu ya juu ya sikio nyuma na juu kidogo ili njia yake inyooke, chomeka, achia, kisha ongea. Ukiisikia sauti yako mwenyewe ikivuma kichwani, pameziba. Kisha cheza wimbo wenye besi na ubonyeze kisikizi taratibu kwa kidole; besi ikiongezeka kwa kubonyeza, kimpira hicho ni kidogo. Si ajabu sikio la kulia likataka saizi ya kati na la kushoto ndogo. Kuna pia vimpira vya sponji, vinavyofinywa kwa vidole na kuachiwa vivimbe ndani ya sikio. Huziba vizuri zaidi na hulainisha kidogo sauti za juu, ingawa huchakaa na kuchafuka mapema.

Mabadiliko yanayoletwa na kimpira kinachofaa huweza kuzidi tofauti kati ya visikizi viwili vya bei zilizoachana mbali. Ndani ya daladala faida huongezeka: mngurumo wa injini uko kwenye masafa ya chini, yale yale ya besi, na hufunika besi ya wimbo. Ukizuiwa, besi inarudi bila mtu kupandisha sauti. Aliyeziba masikio namna hiyo lakini asivuke barabara navyo, bodaboda haitamsubiri.

Ukubwa wa sauti nao hupotosha hukumu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba sikio halizipokei sauti zote kwa uzito mmoja, na kwamba sauti ikiwa ndogo, besi hupungua masikioni kuliko sauti za kati. Mtu anayesikiliza polepole usiku, wengine wamelala, anahitaji kisikizi chenye besi zaidi ili apate mlingano anaoupata mwingine kwa sauti kubwa. Ukilinganisha visikizi viwili na kimoja kikawa juu kwa desibeli moja au mbili, hicho kitaonekana bora, chenye uhai zaidi, ingawa sifa yake yote ni kelele. Kulinganisha kwa haki ni kuvisawazisha kwanza, sauti ya mwimbaji ikae mahali pamoja kwenye vyote viwili.

Tena sauti kubwa ina gharama isiyorudishwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 wamo hatarini kupoteza usikivu kwa namna wanavyosikiliza. Kipimo chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4 tu. Kwa hiyo anayechagua kisikizi chenye besi inayomtosha na kinachozuia kelele vizuri anajilinda, kwa sababu hatalazimika kuongeza sauti ili kuitafuta raha iliyokosekana.

Mambo mengine hayastahili kelele yanazopigiwa. Kisikizi kuwa na spika sita ndani yake hakukifanyi kuwa bora kuliko chenye moja. Spika ndogo za asili ya vifaa vya kusaidia kusikia zina wepesi wake, zile za utando na sumaku zina msukumo wake, na fundi mzuri hufika pazuri kwa njia yoyote. Kuhusu visivyo na waya, tofauti kati ya namna za kusafirisha muziki kwa Bluetooth ni ndogo sana ukizilinganisha na mlingano wa sauti wenyewe.

Ladha yake mtu anaweza kuijua kabla ya kutoa hata shilingi, kwa visikizi alivyonavyo. Simu nyingi zina ikwalaiza. Na apandishe besi ya chini ya hezi 100 kwa desibeli 3, asikilize siku kadhaa, kisha aishushe chini ya ilipokuwa, asikilize tena. Afanye hivyo kwenye hezi 3,000, kunakokaa ukaribu wa mwimbaji, na kwenye hezi 8,000, unakokaa mng'ao na uchomaji. Atajifunza upande ambao masikio yake yanamvutia. Baada ya hapo grafu za wachambuzi, zinazoonyesha kisikizi kimepanda wapi na kushuka wapi, zitamfaa, kwa kuwa atakuwa na cha kuzilinganisha nacho. Azisome akikumbuka kwamba zimetoka kwenye sikio bandia, na kuanzia hezi 8,000 kwenda juu sikio hilo na la kwake huenda njia mbalimbali.

Kinachobaki kigumu ni mahali pa kujaribia. Kariakoo na barabara ya Luthuli jijini Nairobi kuna visikizi vya kila namna, lakini vingi viko ndani ya makasha yaliyofungwa, na mnunuzi huchagua kwa picha, rangi na neno la muuzaji. Sababu ya usafi ina uzito wake, maana kitu hiki kinaingia ndani ya mwili wa mtu. Hata hivyo ni tatizo lenye dawa ya bei ndogo: pea moja ya maonyesho kwa kila aina, pamba na spiriti ya kufutia, vimpira vipya kwa kila anayejaribu, na kiti pembeni ambapo mteja atachomeka simu yake na kuweka taarabu au singeli yake. Muuzaji atakayeanza kufanya hivyo atarudishiwa bidhaa chache, na mteja wa ile asilimia 15 ataondoka dukani na besi yake.